Zebaki na metali nyingine nzito kwenye krimu za ngozi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya huulizwa na watu waliokwisha kusikia kwamba krimu wanayopaka huenda ina zebaki, na sasa wanataka kujua wasimamie wapi. Majibu yameegemea zaidi krimu na sabuni za kung'arisha ngozi, kwa sababu huko ndiko sumu iliko kwa wingi. Kama tayari unatumia krimu unayoitilia shaka na huna muda, ruka uende kwenye swali la mtu aliyetumia kwa miaka, kisha urudi huku juu baadaye.

Metali nzito ni zipi, na zimefikaje kwenye krimu ya kupaka?

Zinazotajwa sana ni zebaki, risasi, kadimiamu, aseniki, kromiamu na nikeli. Nyingi huingia bila mtu kukusudia. Rangi na unga wa kutengenezea vipodozi hutokana na madini ya ardhini, na madini hayo yasiposafishwa vizuri hubaki na risasi au kadimiamu ndani yake.

Zebaki ni habari nyingine. Hiyo hutiwa kwa makusudi, kwa sababu inafanya kile ambacho mteja anakitaka: inaondoa weusi. Ni zebaki ileile ambayo wachimbaji wadogo wa Geita na Chunya, au Migori upande wa Kenya, huitumia kukamatia dhahabu. Tofauti ni kwamba ndani ya krimu imo katika umbo la chumvi iliyokwisha kukorogwa. Haing'ai, haiviringiki na hainuki, kwa hiyo macho na pua havikusaidii kitu.

Zebaki inafanyaje ngozi iwe nyeupe?

Rangi ya ngozi inatokana na melanini. Ili mwili utengeneze melanini unahitaji kimeng'enya kiitwacho tairosinezi, na kimeng'enya hicho hakifanyi kazi bila madini ya shaba. Zebaki inakalia nafasi ya shaba, kimeng'enya kinazimika, na ngozi mpya inayokuja juu inakuwa imepauka. Wengi huona mabadiliko ndani ya wiki chache, na hapo ndipo imani inapojengeka: shoga anaulizwa anapaka nini, jina la krimu linapita mtaa mzima.

Krimu ikimaliza kazi hiyo haiishii hapo. Ngozi iliyonyang'anywa melanini haina kinga dhidi ya jua letu. Ukiacha kupaka, weusi hurudi, mara nyingi ukiwa umekoza kuliko mwanzo, na ndiyo maana mtu huona afadhali aendelee. Aliyepaka kwa miaka mingi anaweza kutokwa na mabaka ya kijivu kwenye kope na mikunjo ya shingo, kwa kuwa zebaki yenyewe imejikusanya ndani ya ngozi. Akiyaona, huongeza krimu ili ayafute.

Kiasi gani cha zebaki ni kingi?

Kwa muda mrefu kikomo kilichokubaliwa na nchi nyingi kilikuwa sehemu 1 kwa milioni, yaani miligramu 1 ya zebaki katika kilo nzima ya krimu. Kikomo hicho kiliwekwa kwa ajili ya uchafu kidogo usioepukika, wala hakikuwa ruhusa ya kuitia.

Sasa tupige hesabu. Kikopo cha gramu 30 chenye zebaki ya asilimia 1 kimebeba miligramu 300 za zebaki. Kama kingefuata kikomo, kisingezidi miligramu 0.03. Kimezidisha mara 10,000. Mtu anayepaka gramu 1 asubuhi na gramu 1 usiku anajipaka miligramu 20 za zebaki kila siku inayokwenda kwa Mungu.

Asilimia 1 sikuichagua ili kutisha watu. Mwaka 2019 muungano wa mashirika ya kiraia uitwao Zero Mercury Working Group ulipima bidhaa 158 za kung'arisha ngozi kutoka nchi 12. Bidhaa 95 zilizidi kikomo, na iliyoongoza ilivuka sehemu 130,000 kwa milioni. Hiyo ni asilimia 13.

Inadhuru nini hasa mwilini?

Figo ndizo zinazoumia zaidi. Zebaki ikipenya ngozini inaingia kwenye damu, na figo, ambazo kazi yake ni kuchuja damu, ndizo zinazoikusanya. Vichujio vinaharibika, na protini iliyopaswa kubaki kwenye damu inavuja pamoja na mkojo. Mama anaamka kope zimevimba, anadhani amelala vibaya. Jioni viatu vinambana. Mkojo unatoa povu zito ambalo halipotei upesi chooni. Wengine huambiwa wamenenepa, wamependeza, kumbe ni maji yamejaa mwilini.

Jambo hili si geni kwetu. Mwaka 1972 madaktari wa Nairobi walichapisha uchunguzi wao kuhusu watu wazima 60 waliokuwa na ugonjwa huo wa figo kuvujisha protini. Zaidi ya nusu walikuwa wamepaka krimu za kung'arisha zenye zebaki. Zaidi ya nusu karne imepita, na habari ni ileile. Katika jimbo la Kerala, India, kati ya Julai 2021 na Septemba 2023, madaktari walipata wagonjwa 22 wa aina moja ya ugonjwa wa vichujio vya figo. Kati yao, 15 walikuwa na alama adimu kwenye figo iitwayo NELL-1, na 13 kati ya hao 15 walikuwa wakitumia krimu za weupe. Linaloniuma ni kwamba ugonjwa wa namna hii mara nyingi hutulia mgonjwa akiacha krimu mapema. Anayechelewa ni yule ambaye hakuna aliyemuuliza anapaka nini.

Baada ya figo kuna neva na ubongo: mikono kutetemeka, usingizi kukatika, hasira zisizo na sababu, wasiwasi, huzuni, kusahausahau, ganzi kwenye vidole vya mikono na miguu. Dalili hizi zinasumbua kuzitambua kwa sababu kila moja ina jina lake la mtaani. Huyu ana mawazo, yule ana presha, mwingine karogwa. Ngozi nayo hutoka upele, na uwezo wake wa kupambana na bakteria na fangasi hushuka.

Ipo pia aina mbaya zaidi, zebaki ya methili, ndiyo ile iliyowaua na kuwalemaza watu wa Minamata, Japani, waliokula samaki wa ghuba iliyochafuliwa na kiwanda. Mwaka 2019 huko California, Marekani, mwanamke wa miaka 47 alilazwa hospitalini akiwa hawezi kutembea wala kutamka maneno sawasawa, kisha akapoteza fahamu kwa sehemu kubwa. Chanzo kilikuwa krimu ya uso iliyoletwa kutoka Mexico na kutiwa zebaki ya aina hiyo.

Mimi napaka kidogo tu, usoni peke yake. Bado ni hatari?

Ndiyo. Uso una ngozi nyembamba, na krimu inakaa juu yake usiku kucha. Zebaki haitoki mwilini upesi. Ile ya chumvi huchukua takribani miezi miwili kupungua nusu, na wewe kila siku unaongeza nyingine. Kidogo cha kila siku ndicho kinachojaza.

Mume wangu na watoto hawapaki. Wao wanahusikaje?

Wanahusika sana, na hili ndilo swali ambalo ningependa kila mtu alisome hata kama mengine atayaruka.

Krimu haibaki usoni kwako. Iko kwenye foronya, kwenye taulo la familia, kwenye kanga unayojifunga na kumbebea mtoto mgongoni, kwenye mpini wa mlango na kijiko. Mtoto mchanga akilalia shavu la mama yake analamba. Isitoshe, zebaki huvukiza kidogokidogo, hivyo chumba kisichopitisha hewa kinajaa mvuke ambao wote waliolala humo wanauvuta.

Mwaka 2010 wachunguzi wa afya huko California na Virginia, Marekani, walifuatilia watu 22 wa kaya 5 ambamo krimu zenye zebaki ya kati ya asilimia 2 na karibu asilimia 6 zilikuwa zikitumika. Miongoni mwa waliokutwa na zebaki nyingi kwenye mkojo walikuwemo watu ambao hawakuwahi kuipaka, na watoto pia.

Mtoto mwenye sumu hii anaweza kuwa na viganja na nyayo nyekundu zinazouma au kuwasha, jasho jingi, presha ya juu, kukataa kula na kulia kusikotulizika. Ukimpeleka hospitali, taja krimu wewe mwenyewe hata kama hujaulizwa. Bila neno hilo, daktari atatafuta malaria, atatafuta maambukizi, na siku zitakwenda.

Nina mimba, au nanyonyesha.

Acha leo. Zebaki humfikia mtoto tumboni na hupita kwenye maziwa ya mama, na ubongo unaojengeka ndio unaoumia zaidi. Kliniki mwambie mkunga ulichokuwa ukipaka, ili mkojo na presha vifuatiliwe kwa karibu. Usiache kunyonyesha kwa uamuzi wako peke yako. Hilo lizungumze na daktari, kwa sababu mtoto asiyenyonya naye ana hatari zake.

Nitajuaje kama krimu yangu ina zebaki?

Kwa uhakika, ni maabara pekee. Viko vifaa vya miale vinavyosoma metali ndani ya dakika chache bila hata kuharibu krimu, na maabara za serikali zina njia nyingine za kemia. Nyumbani hakuna kipimo. Yanayosemwa mitaani kuhusu kusugua pete au kuchanganya na chumvi yasikupe imani.

Lebo hata hivyo inaweza kusema, ukijua pa kuangalia. Soma orodha ya viambato utafute maneno haya kama yalivyoandikwa: *mercury, mercuric, mercurous, mercurio, calomel, ammoniated mercury, mercuric iodide*. Yote ni zebaki. Angalia pia onyo. Kopo likisema krimu isiguse dhahabu, fedha, alumini, mpira au vito, jiulize kwa nini. Zebaki hushikana na metali hizo, na mtengenezaji anakuonya usiharibu pete yako huku akikuachia uharibu figo zako.

Kopo lisilo na orodha ya viambato kabisa, lisilo na namba ya toleo wala jina na anwani ya kiwanda, au lenye maandishi ya lugha moja ambayo wewe na muuzaji hamuisomi, liache dukani. Krimu inayobadilika kuwa ya kijivu ikikaa kwenye mwanga nayo ni ya kutiliwa shaka. Na ahadi ya weupe ndani ya siku 7 ningeiogopa kuliko yote, kwa maana krimu ya kawaida haina ubavu huo.

Mkorogo wa saluni je? Ule haujatoka kiwandani.

Ule una matatizo mawili kwa mpigo. Kwanza, anayekoroga anachanganya krimu za kopo hili na lile, kwa hiyo kama mojawapo ina zebaki, mkorogo wote una zebaki. Pili, ndani yake mara nyingi kuna hidrokwinoni, kemikali ya kuondoa weusi, na dawa kali za jamii ya steroidi kama klobetasoli na betamethasoni, ambazo hukondesha ngozi hadi mishipa ionekane na kidonda kidogo kikatae kupona. Hakuna anayejua kiasi cha chochote, na anayekoroga naye hajui. Tena yeye ndiye anayeishika kwa mikono mitupu siku nzima, ndani ya chumba kidogo. Wadada wa saluni wanastahili kuambiwa hili kwa upole, kwa sababu wengi wao ni wa kwanza kuumia.

Inauzwa waziwazi, Kariakoo, Eastleigh, hata mtandaoni. Si ingekuwa imeshakamatwa?

Sheria ipo. Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki ulianza kufanya kazi Agosti 2017. Rwanda iliuridhia mwaka huohuo, Uganda mwaka 2019, Tanzania mwaka 2020. Mwanzoni ulikataza vipodozi vilivyozidi sehemu 1 kwa milioni. Novemba 2023, kwenye mkutano wa Geneva, nchi wanachama ziliondoa hata kikomo hicho: kipodozi chochote kilichotiwa zebaki kisitengenezwe, kisiingizwe wala kusafirishwa nje baada ya mwaka 2025. Tanzania, usimamizi wa vipodozi ulihamishiwa Shirika la Viwango, TBS, mwaka 2019. Kenya wapo KEBS, Uganda UNBS.

Ila krimu haisafiri na bendera. Inapita mipaka ndani ya mabegi, inauzwa kwenye simu, inabadilishwa kopo, na kopo la kampuni inayojulikana linajazwa kitu kingine. Mwishoni mwa 2018 Rwanda ilifanya msako mkubwa na kuondoa bidhaa hizi madukani. Ni kazi nzuri, ila msako wa duka hauingii kwenye simu ya mtu.

Kuna la kale pia ambalo halipaswi kusahaulika. Nchi za Ulaya zilikataza zebaki kwenye vipodozi vya watu wao mwaka 1976, lakini sabuni za zebaki ziliendelea kutengenezwa huko kwa ajili ya kuuzwa Afrika. Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku usafirishaji wa sabuni hizo nje mwaka 2003. Kwa hiyo mtu akisema wanawake wa Kiafrika wamejitakia wenyewe, ajue soko hili lilijengwa na watu waliojua kilichomo.

Na risasi? Wanja nao una shida?

Risasi kwenye krimu na rangi za midomo huwa kidogo, nayo haipenyi ngozi nzima kwa urahisi. Hatari yake ni kumezwa: kupitia midomo, kupitia vidole. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama kwa mtoto.

Wanja wa penseli wa viwanda vinavyoeleweka si wa kuogopwa sana. Wa kuangaliwa ni ule wa unga au jiwe, unaoletwa kutoka Arabuni na Bara Hindi, ambao baadhi yake husagwa kutoka galena, na galena ni madini ya risasi. Kuna sampuli ambazo zaidi ya nusu ya uzito wake ni risasi. Najua pwani kumpaka mtoto wanja ni mapenzi na ni kinga dhidi ya jicho baya, na bibi anayempaka hamtakii mabaya. Lakini mtoto anasugua macho, kisha anatia vidole mdomoni. Kama ni lazima, tafuteni wa masizi uliotengenezwa nyumbani, na usiingie jichoni.

Nikeli na kromiamu husababisha zaidi mzio: muwasho na ukurutu. Kadimiamu na aseniki ni sumu kali zikijikusanya, ila kwenye krimu za kawaida hukutwa kwa viwango vidogo.

Nimetumia kwa miaka. Nifanye nini sasa?

Acha kupaka. Kama krimu ina zebaki, hakuna kupunguza polepole. Lakini kama unajua au unahisi ina steroidi pia, na umeipaka mwili mzima kwa muda mrefu, muone daktari ndani ya siku chache, kwani kuacha ghafla dawa hizo kunaweza kukuletea uchovu mkubwa, kizunguzungu na ngozi kuwaka. Daktari atakuelekeza.

Nenda hospitali na kopo lenyewe, limefungwa ndani ya mfuko wa plastiki. Sema: "Daktari, nimekuwa nikipaka hii, kwa muda huu." Watu wengi wanaona aibu hapo, hasa wanaume, ambao nao wanapaka. Daktari anayestahili jina hilo hatakucheka. Omba kipimo cha protini kwenye mkojo, ambacho ni rahisi na kipo hata kwenye vituo vingi vya afya, kisha kipimo cha damu cha kazi ya figo na upimwe presha. Kipimo cha zebaki chenyewe hufanywa kwa mkojo na kwa kawaida kinahitaji maabara kubwa. Ukikutwa na nyingi, zipo dawa za kuishika na kuitoa, na hutolewa hospitalini chini ya uangalizi. Chai za kusafisha damu, mitishamba ya kutoa sumu na vidonge vya mtandaoni haviitoi zebaki kwenye figo, na vingine vinaziumiza zaidi.

Jiandae kwamba ngozi itachafuka kwanza. Weusi utarudi bila mpangilio, watu watauliza unaumwa nini. Kinga jua kwa kofia, mtandio na losheni ya jua, na uipe miezi. Hapo ndipo wengi hurudia krimu, kwa hiyo mwambie mtu mmoja unayemwamini akusimamie.

Mimi sitaki weupe. Nina madoa ya chunusi na mabaka ya uzazi. Nipake nini?

Losheni ya jua kila asubuhi ndiyo mwanzo, maana bila hiyo hakuna dawa ya madoa inayoshika. Baada ya hapo kuna asidi ya azelaiki, niasinamidi na vitamini C, zinazofanya kazi polepole. Mabaka ya uzazi mengi hufifia yenyewe baada ya kujifungua. Yakigoma, muone daktari wa ngozi.

Kopo lililobaki nilitupe wapi?

Usilitupe kabla daktari hajaliona. Ukitaka kutoa taarifa TBS, KEBS au mamlaka ya nchi uliko, piga picha pande zote za kopo, andika ulikonunua na lini, na uache krimu kidogo ndani kwa ajili ya kupimwa. Waulize pia kama watalipokea.

Wakati unasubiri, funga kifuniko, tia kwenye mfuko wa plastiki wa kufunga, kisha mfuko wa pili, na uliweke nje ya chumba cha kulala, mahali ambapo mtoto hafiki. Usiimwage krimu chooni wala kwenye sinki. Usilichome kopo na takataka za uani, kwa sababu moto unageuza zebaki kuwa mvuke na wanaouota ni ninyi na majirani. Usimpe mdogo wako, usimuuzie jirani kwa bei ya kutupa. Foronya, taulo na kanga zilizolowa krimu zifungwe kwenye mfuko uleule. Kuzifua pamoja na nguo za watoto kunahamisha zebaki kwenye nguo hizo. Chumba kifunguliwe madirisha kwa siku kadhaa, nyuso za meza na kioo cha kujipambia zifutwe kwa kitambaa chenye maji na sabuni, na kitambaa hicho nacho kiingie mfukoni.